Somo la 7: Ufahamu na Ufupisho wa Habari ya Kiteknolojia – Mashine ya Mihimili Mitano Inayochonga Vipuri vya Ndege

7.1 Utangulizi

Katika masomo yaliyotangulia umesoma habari kuhusu mazingira, afya na malezi. Habari hizo hutumia maneno uliyoyazoea tangu utotoni. Somo hili lina habari ya kiwandani, yenye mashine ambayo huenda hujawahi kuiona hata kwenye picha. Limewekwa hapa makusudi. Watahiniwa wengi wakikutana na habari ya aina hii huingiwa na hofu, huisoma mara moja harakaharaka, kisha hunakili sentensi nzimanzima wakidhani wamejibu. Hapo ndipo alama zinapopotea.

Habari ya kiteknolojia ina siri moja: karibu kila jambo ndani yake limefungwa kwa sababu na matokeo. Mhandisi haweki kitu kwenye mashine bila sababu. Ukiikamata sababu kuu, sehemu nyingine zitajieleza zenyewe. Habari ya leo ina sababu kuu moja tu. Unaposoma, itafute.

Baada ya somo hili uweze:
(a) kutambua sababu kuu na matokeo yake katika habari ya kitaalamu;
(b) kueleza maana ya maneno kulingana na muktadha;
(c) kujibu maswali ya ufahamu kwa maneno yako mwenyewe;
(d) kufupisha habari bila kuacha hoja za msingi.

7.2 Kabla ya kusoma

(i) Pitia maswali kwanza ili ujue unatafuta nini.
(ii) Usisimame kwenye neno gumu. Malizia sentensi, kisha soma inayofuata. Mara nyingi mwandishi hueleza neno hilo baada ya kulitaja.
(iii) Pigia mstari maneno yanayobeba sababu: *kwa sababu, kwa kuwa, kwa hiyo, ili, ndiyo maana, hivyo*.
(iv) Zungushia tarakimu pamoja na kipimo chake. Namba 30,000 peke yake haina maana. "Mizunguko 30,000 kwa dakika" ina maana.

7.3 Habari

*Soma kwa makini habari ifuatayo, kisha jibu maswali yanayofuata. Habari hii ni ndefu kuliko zinazotolewa kwenye mtihani. Ukiimudu hii, fupi hazitakutisha.*

Aya ya 1. Bawa la ndege ya abiria likitazamwa kwa nje huonekana kama ubao mmoja laini. Ndani yake kuna mifupa: boriti ndefu zinazotoka kwenye kiwiliwili cha ndege kuelekea ncha ya bawa, na mbavu zinazokatiza boriti hizo na kulipa bawa umbo lake. Mifupa hiyo inapaswa kuwa na sifa mbili zinazovutana. Iwe imara, kwa kuwa mabawa ndiyo yanayobeba ndege nzima ikiwa angani. Na iwe myepesi, kwa kuwa kila kilo ya ziada huchoma mafuta katika kila safari kwa maisha yote ya ndege. Kwa miongo mingi jibu la wahandisi limekuwa aloi za alumini. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa takriban gramu 2.7, ilhali ya chuma ina karibu gramu 7.8. Alumini tupu ni laini, lakini ikichanganywa na zinki, magnesiamu na shaba, kama ilivyo katika aloi zinazojulikana kwa namba 7050 na 7075, hupata nguvu inayolingana na ya baadhi ya vyuma.

Aya ya 2. Zamani ubavu wa bawa uliundwa kwa kuunganisha vipande vingi vya bamba jembamba kwa ribiti. Kila tundu la ribiti ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia, na kila kiungo huongeza uzito na saa za kazi. Ndiyo maana siku hizi mbavu nyingi huchongwa kutoka bamba moja nene, kama fundi anavyochimba mashimo ya bao katika gogo moja. Zinazobaki ni kuta nyembamba, nyingine zenye unene wa milimita moja au mbili tu, zikizunguka vyumba vitupu. Tuchukue mfano. Bamba la urefu wa mita 2, upana wa sentimita 50 na unene wa sentimita 10 lina uzito wa kilo 270 hivi. Ikiwa ubavu unaotoka humo una kilo 20, basi kilo 250 zimegeuka maranda. Uwiano wa namna hii ni jambo la kawaida katika viwanda vya ndege. Kwa hiyo kiwanda cha vipuri vya ndege, kikipimwa kwa mizani, huzalisha maranda mengi kuliko vipuri.

Aya ya 3. Maranda hayo yakiondolewa polepole, kipuri kimoja kitakaa mashineni muda mrefu na kitakuwa ghali mno. Kwa hiyo mashine hizi hupewa kasi kubwa. Kikata hushikwa na spindeli, yaani shafti inayokizungusha, na spindeli hiyo huweza kufikia mizunguko 30,000 kwa dakika au zaidi. Kikata chenye kipenyo cha milimita 25 kikizunguka kwa kasi hiyo, ukingo wake husafiri takriban mita 2,356 kwa dakika, sawa na kilomita 141 hivi kwa saa. Kikiwa na meno mawili, na kila jino likisonga milimita 0.2 kila linapopita, kikata husonga mbele mita 12 kwa dakika. Kikikata kwa upana wake wote na kwa kina cha milimita 10, huondoa sentimita za ujazo 3,000 kwa dakika, yaani kilo 8 za maranda. Kwa hesabu ya karatasi, zile kilo 250 zingeondoka kwa dakika 31. Kazi halisi huchukua muda zaidi, kwa sababu kona na kuta nyembamba humaliziwa kwa uangalifu.

Aya ya 4. Mtu angetarajia kasi hiyo ikiunguze kipuri, lakini sivyo. Kila randa linapokatika huruka mara moja, kabla joto halijapata muda wa kupenya kwenye kipuri. Hivyo sehemu kubwa ya joto huondoka pamoja na maranda. Zaidi ya hapo, kila jino hula kiasi kidogo tu kila linapopita, kwa hiyo nguvu inayosukuma kuta nyembamba ni ndogo na kuta hazipindi. Kanuni hii haifai kwa kila metali. Titaniamu, kwa mfano, haipitishi joto vizuri. Joto lake hubaki kwenye meno ya kikata na kuyaharibu. Kwa sababu hiyo titaniamu huchongwa kwa kasi ndogo, katika mashine zilizoundwa kwa nguvu kubwa ya kuzungusha badala ya mizunguko mingi.

Aya ya 5. Kilo 8 za maranda kila dakika ziende wapi? Katika mashine ya wima, spindeli hutazama chini na bamba hulala mezani. Maranda hujaa ndani ya vyumba vinavyochongwa, kikata huyakata tena na tena, huzikwaruza kuta, na wakati mwingine huvunjika. Katika mashine ya mlalo, spindeli ndiyo inayolala na bamba husimama kama ukuta. Maranda huanguka yenyewe kwa mvutano wa dunia, huku kipoozi kikiyasukuma hadi kwenye mkanda wa kusafirisha ulio chini. Lakini kufunga bamba zito likiwa limesimama ni kazi ngumu na ya hatari. Kwa hiyo bamba hufungwa kwenye paleti iliyolazwa nje ya eneo la kuchongea, kisha paleti huinuliwa nyuzi 90 na kuingizwa ndani. Paleti moja inapochongwa, nyingine hutayarishwa, hivyo spindeli haikai bure.

Aya ya 6. Mashine ya kawaida ya kuchonga ina mihimili mitatu: X, Y na Z, kama ile unayochora katika Hisabati. Kikata huenda kushoto na kulia, juu na chini, mbele na nyuma. Mashine tunayoizungumzia ina mihimili miwili zaidi, ambayo ni ya kuzunguka. Hiyo humwezesha fundi kukiinamisha kikata upande wowote anaoutaka. Haja yake inatokana na umbo la bawa. Bawa limebinuka, kwa hiyo kingo za mbavu nazo huinama, na baadhi ya kuta huinamia ndani. Kikata kisichoinama hakiwezi kufika chini ya ukuta wa namna hiyo. Ingelazimu kukifungua kipuri na kukifunga upya kwa pembe nyingine, na kila ufungaji mpya huleta tofauti ndogo ya vipimo. Kwa mihimili mitano, kuta nyingi za pembe mbalimbali huchongwa katika ufungaji mmoja. Miongoni mwa watengenezaji wa mashine hizi ni Makino ya Japani, yenye mfululizo wa MAG, na Starrag ya Uswisi, yenye mfululizo wa Ecospeed. Kichwa cha Ecospeed hubebwa na miguu mitatu: ikisogea sawasawa kichwa husonga mbele, ikisogea kwa kutofautiana kichwa huinama.

Aya ya 7. Pamoja na hayo, mashine nzuri haitoshi. Bamba nene la aloi hupozwa ghafla linapotengenezwa, na upozaji huo huacha mikazo ndani yake. Watengenezaji wa bamba hulivuta na kulinyoosha ili kuipunguza, lakini kiasi fulani hubaki. Ukiondoa zaidi ya asilimia 90 ya bamba, mikazo iliyobaki hujipanga upya na kipuri huweza kujipinda mara kinapofunguliwa. Ili kuepuka hali hiyo, mafundi huchonga upande mmoja kwa sehemu, hugeuza na kuchonga wa pili, kisha humalizia kwa mikato myembamba. Mtetemo nao ni adui: ukuta wa milimita moja hutetemeka kama bati, na kikata huacha mawimbi juu yake. Ukuta uliochongwa ukapungua kuliko kipimo haurudishiwi unene wake. Kosa la sekunde chache mwishoni huweza kupoteza bamba zima pamoja na saa zote za kazi.

Aya ya 8. Mashine zinazoongozwa kwa namba zina undugu wa damu na ndege. Mwishoni mwa miaka ya 1940, John Parsons wa jimbo la Michigan, Marekani, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, alibuni wazo la kuiongoza mashine kwa namba zilizotobolewa kwenye kadi. Mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani liligharamia mradi huo, na mwaka 1952 chuo cha Massachusetts Institute of Technology kilionyesha mashine yenye mihimili mitatu ikifanya kazi. Leo ndege mpya hutumia pia nyuzi za kaboni. Boeing 787, aina ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza Julai 2018, ina takriban nusu ya uzito wake katika malighafi hizo, lakini asilimia 20 hivi bado ni alumini. Na maranda je? Hukusanywa, hukaushwa, hugandamizwa na kuyeyushwa upya. Kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huhitaji karibu asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuizalisha kutoka kwenye madini ya boksiti.

7.4 Tuichambue habari

Rudi kwenye swali la utangulizi: sababu kuu ni ipi? Imo mwishoni mwa aya ya 2. Sehemu kubwa ya bamba hugeuka maranda. Sasa tazama jinsi aya zinazofuata zinavyoning'inia kwenye hoja hiyo:

- Maranda ni mengi → lazima yaondolewe upesi → *kasi kubwa ya spindeli* (aya ya 3).
- Maranda yanaruka upesi → yanabeba joto → *kipuri hakiungui* (aya ya 4).
- Maranda yanajaa vyumbani → lazima yaanguke → *mashine ya mlalo* (aya ya 5).
- Bamba linabaki kuta tupu → mikazo na mtetemo → *uangalifu wa fundi* (aya ya 7).
- Maranda ni mali → *huyeyushwa upya* (aya ya 8).

Aya ya 6 ina sababu yake tofauti: umbo la bawa lililobinuka. Mtahiniwa makini huona tofauti hiyo. Ukiandika kuwa mihimili mitano imewekwa ili maranda yaanguke, umechanganya hoja mbili na utapoteza alama.

7.5 Tahadhari kuhusu msamiati

Watahiniwa wengi huogopa maneno kama *spindeli*. Hayo si ya kuogopwa, kwa sababu mwandishi ameyaeleza papo hapo. Maneno yanayotega ni yale unayodhani unayajua:

- Mhimili. Katika Uraia umejifunza mihimili ya dola: Serikali, Bunge na Mahakama. Hapa ni mwelekeo ambao sehemu ya mashine husogea au kuzunguka.
- Mkazo. Katika fonolojia ni nguvu ya sauti inayowekwa kwenye silabi. Hapa ni nguvu iliyojificha ndani ya metali.
- Ubavu. Si sehemu ya mwili wa mtu, bali ni kipande kinacholipa bawa umbo.
- Chumba. Si cha kulala. Ni nafasi tupu iliyochimbwa kati ya kuta za kipuri.

Swali likisema "kama lilivyotumika katika habari", jibu la kamusi pekee halitoshi. Rudi kwenye sentensi husika.

7.6 Maswali na majibu ya mfano

Swali la 1. Andika kichwa cha habari kwa maneno yasiyozidi matano.
*Jibu:* Mashine Inayochonga Mifupa ya Ndege.
*Angalizo:* "Bawa la Ndege" ni pungufu, kwa sababu linahusu aya ya 1 zaidi. "Historia ya Mashine" linahusu aya ya 8 tu. Kichwa kizuri hufunika aya zote.

Swali la 2. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (a) maranda (b) kipoozi (c) mlalo (d) mikazo.
*Jibu:* (a) Vipande vidogo vya alumini vinavyotoka bamba linapochongwa. (b) Kimiminika kinachopunguza joto na kusukuma maranda wakati wa kuchonga. (c) Hali ya spindeli kulala sambamba na sakafu. (d) Nguvu zilizobaki ndani ya bamba baada ya kupozwa ghafla.

Swali la 3. Toa sababu mbili zilizofanya mbavu zichongwe kutoka bamba moja badala ya kuungwa kwa ribiti.
*Jibu:* (i) Matundu ya ribiti huweza kuanzisha nyufa. (ii) Viungo huongeza uzito na muda wa kazi.

Swali la 4. "Kasi kubwa haikiunguzi kipuri." Fafanua kauli hii.
*Jibu:* Kwa kasi kubwa, maranda huruka kabla joto halijaingia kwenye kipuri, hivyo joto jingi huondoka nayo.
*Kosa la kawaida:* Kuandika kwamba "kipoozi hupoza kipuri". Huenda ni kweli kiwandani, lakini sicho alichokisema mwandishi katika aya ya 4. Jibu litoke kwenye habari.

Swali la 5. Kwa kutumia takwimu za aya ya 2, onyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya bamba hugeuka maranda.
*Jibu:* Maranda ni kilo 250 kati ya kilo 270. Ukigawa 250 kwa 270 na kuzidisha kwa 100, unapata asilimia 92.6, ambayo ni zaidi ya 90.

Swali la 6. Eleza tofauti mbili kati ya mashine ya wima na ya mlalo.
*Jibu:* (i) Katika mashine ya wima spindeli hutazama chini na bamba hulala. Katika ya mlalo spindeli hulala na bamba husimama. (ii) Katika ya wima maranda hujaa vyumbani na kukatwa tena. Katika ya mlalo huanguka yenyewe.
*Angalizo:* Tofauti huandikwa pande zote mbili. Ukieleza upande mmoja tu, umetoa sifa, hujatoa tofauti.

Swali la 7. Mtu amesema: "Mashine hii yafaa kuchonga metali yoyote." Je, mwandishi anakubaliana naye? Thibitisha.
*Jibu:* Hakubaliani. Anaonyesha kuwa titaniamu haipitishi joto vizuri, hivyo huchongwa kwa kasi ndogo katika mashine za aina nyingine.

Swali la 8. Bainisha njia zilizotumika kuunda maneno haya: (a) spindeli (b) kikata (c) paleti (d) kipoozi.
*Jibu:* (a) na (c) ni utohoaji: maneno ya kigeni yamebadilishwa yafuate matamshi ya Kiswahili. (b) na (d) ni uambishaji: mzizi wa kitenzi *kata* na *pooza* umeongezewa viambishi, *ki-kat-a* na *ki-pooz-i*.

7.7 Ufupisho

Swali. Fupisha aya ya 2 hadi ya 6 kwa maneno yasiyozidi 70.

*Hatua ya kwanza:* Andika hoja moja kwa kila aya. Aya ya 2: bamba moja, maranda mengi. Aya ya 3: kasi. Aya ya 4: joto na nguvu. Aya ya 5: mlalo. Aya ya 6: mihimili mitano.

*Hatua ya pili:* Ondoa mifano, hesabu, majina ya kampuni na tashbihi. Mfano wa bao ni mzuri kwa msomaji, lakini hauingii kwenye ufupisho. Vivyo hivyo Makino, Starrag na kilomita 141. Takwimu inayobaki ni ile inayobeba hoja kuu pekee.

*Hatua ya tatu:* Unganisha hoja kwa maneno ya sababu, katika aya moja, kwa maneno yako.

*Hatua ya nne:* Hesabu maneno. Andika idadi mwishoni.

*Ufupisho wa mfano:*

Mbavu za bawa huchongwa kutoka bamba moja la alumini, na zaidi ya asilimia 90 ya bamba hugeuka maranda. Ili kazi iishe mapema, kikata huzungushwa kwa kasi kubwa, ambayo pia huondoa joto pamoja na maranda na kupunguza nguvu inayosukuma kuta nyembamba. Bamba husimamishwa ili maranda yaanguke yenyewe yasikatwe tena. Mihimili mitano huwezesha kikata kuinama na kufikia kuta zinazoinamia ndani bila kufungua kipuri, hivyo makosa ya vipimo hupungua. (Maneno 66)

Linganisha ufupisho huu na orodha ya hatua ya kwanza. Hoja zote tano zimo, na hakuna sentensi iliyonakiliwa kutoka kwenye habari.

7.8 Zoezi

Jibu maswali haya bila kutazama majibu ya sehemu ya 7.6.

1. Mifupa ya bawa inatakiwa kuwa na sifa zipi mbili? Kwa nini mwandishi anasema sifa hizo "zinavutana"?
2. Kwa nini paleti hulazwa kwanza kabla ya kuinuliwa? Toa faida moja zaidi ya kutumia paleti mbili.
3. "Pamoja na hayo, mashine nzuri haitoshi." Eleza hoja mbili zinazoithibitisha kauli hii.
4. Kikata chenye meno mawili huzunguka mara 20,000 kwa dakika, na kila jino husonga milimita 0.2. Kwa kufuata hesabu ya aya ya 3, kikata husonga mbele mita ngapi kwa dakika?
5. Eleza maana ya "undugu wa damu" kama ilivyotumika katika aya ya 8.
6. Je, ni sahihi kusema maranda ni takataka? Jibu kwa kutumia ushahidi wa aya ya 8.
7. Fupisha aya ya 7 na ya 8 kwa maneno yasiyozidi 60.

7.9 Mambo ya kukumbuka

Ukifungua karatasi ya mtihani ukakuta habari ya kitaalamu, iwe ya mashine, ya tiba au ya benki, fanya kama ulivyofanya hapa. Uliza: sababu kuu ni ipi? Kisha fuata matokeo yake aya kwa aya. Maneno mageni yapite. Mengi yataelezwa mbele. Maneno uliyoyazoea yachunguze, kwa maana huenda yamebadili kazi. Jibu kutoka kwenye habari, kwa lugha yako, kwa sentensi kamili.

Fanya zoezi la 7.8 leo kabla hujaenda somo la 8. Swali la 7 lirudie mara mbili, kwani watahiniwa wengi huzidisha idadi ya maneno katika jaribio la kwanza.